Saladi Iliyotoa Mvuke

Leo nimevuliwa nguo hadharani, na nilikuwa nimevaa traksuti kamili. Walioshuhudia ni watu kumi na wanne. Mmoja wao ni mama yangu mzazi, na yeye ndiye aliyenivua.

Ngoja nieleze mwenyewe kabla wenzangu wa klabu hawajaanza kueleza wao, maana wao wataongeza chumvi. (Chumvi yenyewe nimekatazwa, lakini tutafika huko.)

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Tengeru. Wanaonifahamu wanajua nina tatizo moja: siwezi kumwona mtu anakula bila kumweleza anachokula. Nikiwa msibani namweleza. Nikiwa harusini namweleza. Mke wangu, Mama Angel, alishaniambia kwamba siku moja nitapigwa na mwiko, na simlaumu.

Sasa, nimo kwenye klabu ya mbio za asubuhi. Kila Jumamosi tunapandisha kuelekea Akeri, tunazunguka huko kwenye migomba na kahawa, kisha tunashuka. Tukishashuka, mwanachama mmoja anatulisha kwa zamu. Na kwa zamu, kila mmoja anatulisha mbuzi. Inaanza supu, inafuata nyama, halafu zinakuja ndizi zilizopikwa na nyama ili nyama isijisikie mpweke. Tunakimbia saa nzima na ushei, tunakula mbuzi mzima. Kwa hesabu zangu, kama tungebaki tumelala majumbani tungekuwa wembamba zaidi.

Kuna jambo sikuwaambia wenzangu. Mwezi wa kumi na mbili daktari alinifunga kile kitambaa mkononi, akapima, akapima tena. Akasema presha imepanda. Akanipa miezi mitatu nijirekebishe kwa chakula na mazoezi, nikishindwa naanza vidonge. Baba yangu alianza vidonge akiwa na umri wangu huu, na nakumbuka vizuri ilivyoishia. Niliogopa, nasema kweli. Nilimwambia mke wangu peke yake.

Mazoezi si shida. Shida ni kwamba mbuzi akishawekwa mezani mimi si mwalimu tena. Nasahau vitamini, nasahau daktari, nakumbuka pilipili tu. Peke yangu siwezi. Nikaona dawa ni moja: klabu nzima iachane na mbuzi, nami nipone kwa kufuata mkumbo.

Basi nikaanza kampeni. Sikusema habari za presha, nilisema ni sayansi. Kwenye kundi letu la simu nilituma ujumbe wa sauti wa dakika sita kuhusu nyuzinyuzi. Nikatuma mwingine kuhusu utumbo mpana. (Ule wa utumbo mpana ulimkuta mtu yuko mezani na wakwe zake, simu ikiwa na sauti ya juu. Nimeshaomba msamaha.) Wakaniita Mwalimu Majani. Nikaendelea.

Mgumu kuliko wote alikuwa mwenyekiti wetu. Nimwite Lomayani, ingawa si jina lake. Lomayani ana bucha. Ndiyo, nilikuwa nahubiri saladi mbele ya mwenye bucha. Wiki mbili zilizopita akachoka, akasema mbele ya wote:

"Sawa, Mwalimu. Jumamosi ya zamu yako tulishe hayo majani. Tukiyapenda, tunakula hivyo kila Jumamosi, mbuzi tunamwachia Pasaka, Krismasi na Idi. Tusipoyapenda, neno mboga lisitoke tena mdomoni mwako."

"Hata mchicha nisiutaje?"

"Hata mchicha."

Katibu wetu ni Dada Rehema, fundi cherehani, mtu asiyeacha neno likaanguka chini. Aliliandika kwenye daftari na kunisainisha.

Zamu yangu ilikuwa leo.

Hali ya nyumbani ilikuwa hivi. Mama Angel yuko Moshi tangu Jumapili, mdogo wake amejifungua, kaenda na watoto. Nyumbani nimebaki mimi na mama yangu, aliyeshuka kutoka mlimani kuja kliniki ya mguu. Mama nilimwambia kwamba Jumamosi wageni wanakuja kula. Sikumwambia watakula nini.

Sikumwambia kwa sababu namjua. Kwetu kule juu mgeni akifika, jiko linawashwa. Akikaa muda bila kuona moshi ukitoka jikoni, anajua hajakaribishwa, anaaga kwa heshima na anakwenda kusema kwa majirani. Tangu nipate akili sijawahi kumwona mama akimpa mgeni kitu cha baridi. Hata ndizi mbivu huitanguliza na chai ya moto. Ningemwambia nina wageni kumi na watatu na sipiki, asingepata usingizi. Nikaona nimpumzishe.

Saa kumi na moja alfajiri niko jikoni. Joto la mwezi huu wa pili mnalijua wenyewe, hata alfajiri halishuki, na mlima umekaa wazi wiki nzima bila kawingu ka kusingizia. Hali ya hewa ya saladi kabisa. Nikajifunga khanga ya mke wangu, nikaanza.

Nilitengeneza za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa ya majani ya saladi, matango na maganda yake, nyanya, giligilani na parachichi. Kitunguu nilikifikicha kwa chumvi kidogo nikakisuuza mara tatu, kisimchome mtu. Mafuta ya chupa sikutia hata tone, maana parachichi likiiva vizuri ndilo mafuta yenyewe, ukilichanganya na ndimu linashika kila kitu. Ya pili ilikuwa ya maharage na mahindi mabichi niliyochemsha jana yake, karoti nilizokwaruza, kabichi iliyokatwa nyembamba, hoho, na mbegu za maboga juu. Hiyo inashibisha, mtu asije akasema amekula hewa. Ya tatu ilikuwa ya matunda: embe, papai, tikiti, na minti niliyoichuma nje ya dirisha.

Nilionja. Nasema bila aibu, ilikuwa tamu. Nilisimama pale jikoni peke yangu, nimefunga khanga, nikafurahi. Ni vyakula rahisi kabisa, vyote vimetoka kwenye udongo wetu huu, na havikunichukua hata saa moja. Nikafikiri kwamba kumbe inawezekana, naweza kuishi hivi.

Halafu nikafanya jambo la kisomi. Nilichukua hotpoti tatu za harusi yetu, nikazisuuza kwa maji ya barafu, nikaweka saladi humo na kufunga. Watu hudhani hotpoti ni ya kutunza moto tu. Hotpoti inatunza ulichoipa, ukiipa baridi inatunza baridi. (Sentensi hii niliirudia mara nyingi leo asubuhi. Naomba muikumbuke.) Nikazipanga mezani barazani, nikafunika na kitambaa cha kufuma.

Wakati natoka, mama akatokea mlangoni na fimbo yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wageni wako wanafika saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Na chakula?"

"Kiko tayari, kiko kwenye hotpoti. Wewe pumzisha mguu."

"Mbona sijasikia harufu?"

"Ndiyo uzuri wake, mama."

Akanitazama kwa muda mrefu. Akatazama jiko. Akanitazama tena, na safari hii kwa huruma. Mimi nikachukulia kwamba ananihurumia kwa kuamka mapema.

Tulikimbia vizuri. Nilikuwa naongea njia nzima, hata kwenye mlima ambako watu wenye akili hunyamaza. Wenzangu walikuwa wamekuja na njaa makusudi. Mmoja aliniambia hajala tangu jana mchana, ili ahukumu kwa haki. Lomayani alikuwa nyuma kama kawaida, akichechemea kidogo. Kila siku husema ni viatu.

Tunakaribia getini kwangu, jua limeshapanda, jasho linatiririka, ikatujia harufu ya vitunguu na kitunguu saumu vinavyokaangwa. Harufu nzito, tamu, ya kukufanya umkumbuke marehemu bibi yako.

Dada Rehema akasema, "Mwalimu, kwa jirani yako kunanukia."

Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie: "Dada Rehema, hiyo unayoisikia ni harufu ya vitamini zinazokufa."

Wakacheka. Nami nikacheka sana. Sentensi hiyo bado inanizunguka kichwani hadi sasa ninapoandika.

Tukaingia. Viti viko, meza iko, hotpoti ziko palepale. Kitambaa kilikuwa kimenyooshwa vizuri kuliko nilivyokiacha, nikadhani ni upendo wa mama. Na kweli ulikuwa upendo wa mama. Watu wakanawa, Lomayani akaomba sala fupi, wakakaa. Hapo mtu mwenye busara angefungua chakula watu wale. Mimi nilisimama kutoa hotuba.

Nikawaambia kwamba katika joto hili mwili unahitaji maji na si moto. Nikawaambia kwamba babu zetu walikula vitu kama vilivyo. (Hili sina ushahidi nalo.) Nikaweka mkono juu ya kifuniko cha hotpoti ya kwanza, nikavuta pumzi, nikamalizia hivi:

"Ndugu zangu, humu ndani hakuna kitu kilichoguswa na moto. Leo nyumbani kwangu hata kiberiti hakijawashwa. Karibuni mpoe."

Nikafungua.

Mvuke ukapanda. Haukuwa mvuke wa kusingizia. Ulitoka wima, ukanijaa usoni, miwani yangu ikafunga ukungu mweupe na nikawa sioni mtu. Nilibaki nimesimama na kifuniko mkononi. Halafu nikasikia sauti ya Dada Rehema, ya upole kabisa:

"Mwalimu, hizi vitamini zimekufa au zimezirai?"

Nikafuta miwani. Nikatazama ndani. Majani ya saladi yalikuwa yamekaangwa yakawa meusi na kunywea kama mchicha wa juzi. Matango yalikuwa yanaelea. Parachichi lilikuwa limegeuka mchuzi wa kijani. Nikafungua ya pili haraka, nikidhani labda hiyo imesalimika. Maharage, mahindi, karoti na kabichi vilikuwa vimepondwa pamoja na ndizi mbichi vikawa kitu kimoja kizito, na mbegu za maboga zikichungulia. Ya tatu sikutaka kuifungua. Lomayani akanifungulia. Tikiti maji lilikuwa limechemshwa. Mnajua tikiti likichemshwa linakuwaje? Nanyi msijue. Minti ilikuwa juu yake, imeungwa na kitunguu.

Hapo ndipo mama alipotoka jikoni, uso unang'aa kwa jasho, amebeba birika la chai. Watu wote wakasimama. "Shikamoo, mama." "Marahaba, wanangu, kaeni, kaeni." Akaweka birika, akaegemea fimbo yake, na akawahutubia wageni wangu.

"Mnisamehe kwa kuchelewa. Mwanangu Elia alijitahidi, alikata kila kitu vizuri, vidogo vidogo, akaweka mpaka kwenye hotpoti. Akasahau kupika tu. Mkewe hayupo. Mwanaume peke yake ndani ya nyumba, utamlaumu nini? Nilidhani gesi imeisha, kumbe imejaa. Basi nikajua ni uchovu. Nikamkaangia kabla hamjafika, asije akaaibika mbele za watu."

Asije akaaibika. Mbele za watu.

Utamwambia nini mama wa miaka sabini na kitu, mwenye mguu mbovu, aliyesimama jikoni saa nzima kukuokoa? Wenzangu walikuwa wanatazama chini, mabega yanatikisika. Mmoja alikuwa ameuma kitambaa cha jasho. Ningeweza kuvumilia hapo. Mambo yangeishia hapo ningekuwa nimeshindwa kiume, nikanyimwa hata mchicha, basi.

Lakini mama hakuwa amemaliza. Aliona wanacheka, akataka kunitetea zaidi. (Ndugu zangu, sehemu hii nilikuwa nimepanga kuiruka.)

"Msimcheke. Huyu ni mtu wa kupenda chakula chenye nguvu. Jana jioni alirudi na mguu wa mbuzi wa kuchoma kwenye mfuko, akaula wote, tena amesimama hapohapo jikoni, hata kukaa hakukaa. Nikajua mwanangu ana njaa. Atakuwaje na akili ya kukumbuka kupika?"

Kicheko kilikatika. Macho kumi na matatu mara mbili yakanigeukia. Nilijaribu kutazama mlima, lakini ukuta wa jirani ulikuwa umeuziba.

Wa kwanza kusema alikuwa Lomayani. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyeumizwa.

"Mama, huyo mbuzi alitoka wapi?"

"Alisema ametoka Usa River."

"Usa River," akasema Lomayani polepole. Akanigeukia. "Mwalimu, bucha yangu iko hapa, hatua mia mbili. Unanikwepa mpaka Usa River?"

"Nilikwenda kununua kabichi."

"Kabichi ya kuchoma," akasema Rehema, na akafungua daftari lake.

Nawaambia, nilitamani tikiti lile la kuchemsha lingekuwa na kina nizame humo. Miezi miwili nimehubiri. Miezi miwili nimewatumia sauti. Na sasa wote wanajua kwamba usiku wa kuamkia mahubiri makubwa mhubiri alikuwa amesimama jikoni akitafuna mfupa. Sikuwa na pa kushika. Nilichokuwa nimebakiwa nacho ni ukweli, na sikuutoa kwa ushujaa, ulinitoka tu.

Nikakaa. Nikawaambia kuhusu daktari. Nikawaambia miezi mitatu, na kwamba nimebakiza wiki tano. Nikawaambia habari ya baba. Nikasema sayansi yote niliyowatumia ni ya kweli, lakini haikuwa sababu. Sababu ni kwamba nikiwa peke yangu nashindwa, jana nilishindwa, na nilidhani nikiwa nanyi sitashindwa.

Mama alikaa kwenye kiti cha karibu. Chai aliyokuwa anamimina ikabaki nusu kikombe.

"Presha?" akaniuliza. "Kama baba yako?"

"Ndiyo, mama."

"Na umekaa nami tangu Jumatatu hujaniambia."

"Nilikuonea huruma."

"Na mimi nilikuonea huruma nikakupikia," akasema. "Tazama sasa huruma zetu." Akanishika mkono mbele ya wote, akakaa nao. Sikumbuki mara ya mwisho alinishika hivyo.

Hakuna aliyecheka hapo. Nikangoja waniambie pole, wachukue vifaa vyao, waende. Badala yake Lomayani akavua kiatu cha kulia. Akavua na soksi. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimevimba, chekundu.

"Gauti," akasema. "Mwaka wa pili huu. Daktari alinikataza nyama nyekundu."

Tukamtazama. Rehema akasema, "Mwenyekiti, kila Jumamosi unakaa na mfupa."

"Mmewahi kuniona nikimeza?"

Tukafikiri. Hakuna aliyewahi. Mwenye bucha, kiongozi wa mbuzi wote wa Tengeru, miezi yote hiyo alikuwa anashika mfupa kwa adabu na kula ndizi. Angesemaje, na ndiyo biashara yake? (Amenipa ruhusa kuandika, mradi nisitaje bucha iko mtaa gani.) Alikuwa ananipinga kila Jumamosi huku akiniombea nishinde, ila nishinde mwenyewe, yeye asionekane.

Baada yake mwingine akasema habari ya sukari. Mwingine akasema mke wake amemhamishia kula kwenye sahani ya mtoto. Barazani kwangu pakawa kama foleni ya zahanati, kila mtu na lake, wote tumefichana kwa miezi kwa kuoneana aibu juu ya mbuzi mmoja.

Rehema akagonga meza na kalamu. "Mimi siumwi kitu, nina njaa. Hapa hatujala majani, kwa hiyo hakuna cha kupigia kura. Mwalimu, hiyo saladi yenyewe unaweza kuitengeneza tena?"

"Nikipata vitu, dakika kumi."

Leo ni siku ya soko, vitu haviwezi kukosa. Wawili wakatoka mbio (hawajawahi kukimbia hivyo mlimani) wakarudi na mifuko ya nyanya, matango, karoti, maparachichi na ndimu. Tukatandika mkeka kwenye kivuli cha nyumba. Nikawagawia visu. Nikawaonyesha kwamba tango halimenywi, linaoshwa tu vizuri. Nikawaonyesha kwamba nyanya hukatwa mwisho ili isitoe maji, na chumvi, kidogo sana, hutiwa wakati sahani ziko tayari. Lomayani akachukua kabichi iliyobaki jikoni, akaikata nyembamba kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Mkono wa bucha ni mkono wa bucha. Sikutoa hotuba. Kila nikivuta pumzi ya kuanza, Rehema alinyanyua daftari.

Mama alikaa pembeni akitutazama, mikono imefungwa. Watu wazima kumi na watatu wamekaa chini wanakatakata. Tulipokamua ndimu na kuanza kupakua, akauliza kwa wasiwasi wa kweli:

"Sasa mnaipika saa ngapi?"

"Ndiyo imeiva, mama."

Watu wakaanza kula, nami nikawatazama midomo. Jua lilikuwa kali, saladi ilikuwa ya baridi, na kwa muda kilichosikika ni kutafuna tu. Yule asiyekula tangu jana mchana aliongeza mara tatu. Mama akanyoosha mkono, akachukua kipande cha parachichi na tango, akaweka mdomoni, akatafuna taratibu sana, akitazama mbele kama anayesikiliza redio.

"Ina ladha," akasema. "Ukiipasha kidogo itakuwa chakula." Kisha akasogeza sahani. "Lakini kama ni ya hiyo presha, nipe. Nitakula nawe hivyohivyo."

Kura ikapigwa: mikono kumi na miwili kati ya kumi na mitatu ilinyooshwa kukubali majani. Mmoja alikataa kwa sababu mdomo wake ulikuwa umejaa mapishi ya mama. Na niseme haki, ile hotpoti ya pili, ya maharage na ndizi, iliisha kabisa na watu wakaomba ipikwe tena. Haikuwa na nyama hata chembe, na Rehema ameiandika kwenye daftari kama saladi ya mama. Tikiti hatulizungumzii.

Sasa hivi wameondoka. Mama amelala, mguu juu ya mto. Kwenye kundi la simu Lomayani ameshatangaza zamu yake ya Jumamosi ijayo: maharage, kachumbari, maembe. Ameongeza kwamba Mwalimu akionekana Usa River siku yoyote, yeyote ampige picha. Watu kumi na wawili wamejibu sawa. Wiki tano, na kumbe nina walinzi wengi hivi.

Kwa hiyo naomba asicheke mtu. Na wewe ndugu yangu wa pale Usa River, mwenye jiko la kuchomea karibu na barabara, unayenijua kwa jina na unayejua napenda upande wa mguu: nikipita nikakuangalia, tafadhali geuza uso.